Bluetooth inaomba kodi: ni kodi gani, na iko wapi?

Mu gereji za Lubumbashi, kutoka Kampemba mpaka Katuba, kuko kiboksi kidogo, kinene kuliko kiberiti kidogo tu, chenye mafundi wanachomeka chini ya usukani wa motokari. Wanakiita "skana". Fundi anatosha telefone, anafungua Bluetooth, na jina OBDII linatokea pa kioo. Analifinya. Telefone inaomba kodi. Na kama ile skana ni ya mwenye motokari, ao kama fundi ameiuza jana tu ku soko, mazungumuzo yanakuwa hivi:

— Papa, inaomba kodi.
— Kodi gani? Ya M-Pesa?
— Apana, papa, ya M-Pesa achia kwanza! Kodi ya hii kitu.
— Sasa mimi nitaijulia wapi?

Watu wanacheka, lakini kuko wenye hawangojee kuuliza. Wanaandika kodi ya M-Pesa ao ya Airtel Money, juu ndiyo kodi moja tu yenye wanajua kwa kichwa. Wanaiandika mu telefone ya fundi, mbele ya watu watatu wenye wamesimama pale. Aparey inakataa, wanaiandika tena. Ni vizuri basi kueleza ile kodi ya Bluetooth inatumika namna gani, inatoka wapi, na wakati gani mutu anapaswa kuogopa wakati anaombwa kodi.

Kwanza, Bluetooth ni radio. Si mufano, ni radio kabisa: inatuma mawimbi karibu na gigahertzi 2.4, fasi ileile kwenye Wi-Fi inapita. Ilianza mu mwaka wa 1994 ku kampuni ya Ericsson, mu muji wa Lund, inchi ya Uswidi, juu ya kuondoa nyuzi kati ya telefone na vyombo vyake. Mu mwaka wa 1998 Ericsson ilijiunga na Nokia, IBM, Intel na Toshiba ili vyombo vya kampuni zote visikilizane. Jina lenyewe ni la mufalme wa zamani wa Denmark, Harald, mwenye aliitwa Jino la Buluu. Ajuaye sababu ya jino lake kuwa buluu, atuambie.

Uzi uko na faida moja yenye radio haina: unaona kwa macho kitu gani kimefungwa na kitu gani. Ukichomeka ekutere mu telefone yako, hakuna mutu mu taxi-bus mwenye anaweza kuchomeka yake pale pale. Lakini mawimbi ya radio hayajue mupaka. Wimbo wenye unatoka mu telefone kwenda ku masikio yako unapita pia mu kichwa cha jirani yako wa kiti. Kwa hiyo aparey mbili, mbele ya kuzungumuza, zinapaswa kujua mambo mawili: wewe ni yule mwenye ninafikiri? Na sisi wawili tuna siri gani yenye wengine hawana? Kodi inajibu maswali hayo yote mawili.

Watu wengi wanafikiri kwamba kodi inatumwa mu hewa, telefone inasema "1234" na skana inajibu "ndiyo, ingia". Haiko vile. Kama ingekuwa vile, kila mutu karibu angeisikia. Ku aparey za namna ya zamani, kila moja inachukua kodi kwa upande wake, inaichanganya na namba ndefu za bahati zenye zinapita mu hewa wazi na anwani ya aparey, na inatosha funguo moja ndefu. Kama kodi ni ileile pande zote mbili, funguo zinakuwa sawasawa. Kisha wanajaribu: "Fanya hesabu hii na funguo yako." Jibu likipatana, wameoana. Lisipopatana, telefone inaandika kwamba kodi si ya kweli. Kodi yenyewe haikutoka inje hata mara moja.

Ndiyo maana pia kodi inaombwa mara moja tu. Kodi ni ya siku ya ndoa. Nyuma ya pale kila aparey inaweka ile funguo mu kumbukumbu yake, na ile funguo ndiyo inatumika kila siku. Ukifinya "Dissocier" ao "Oublier" pa telefone, unatupa funguo, na mara nyingine utaombwa kodi upya. Kama ulifuta upande mumoja tu, motokari bado iko na funguo ya zamani na telefone haina tena, zote mbili zinakataana bila kueleza sababu. Kuko watu wamepeleka radio ya motokari ku fundi juu ya jambo hili, na dawa yake ni ya bure: futa pande zote mbili, anza tena.

Sasa udhaifu. Kodi ya namba ine iko na nafasi 10,000 tu, kutoka 0000 mpaka 9999. Kwa mutu, ni mingi. Kwa ordinatere, si kitu. Mu mwaka wa 2005 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Yaniv Shaked na Avishai Wool, walionyesha kwamba mutu mwenye amesikiliza mawimbi wakati aparey mbili zinafunga ndoa anaweza kujua kodi ya namba ine kwa wakati usiofika segonde moja, na ordinatere ya kawaida. Anapaswa tu kuwa pale wakati uleule. Na kama hakuwa pale? Walionyesha pia njia ya kuzikosanisha aparey mbili zenye zilikuwa zinapatana, ili zilazimike kuombana kodi tena, yeye akiwa anasikiliza. Kwa hiyo, aparey yenye imetumika miezi mizima bila shida, na siku moja katikati ya watu wengi inaomba kodi upya: usiandike pale. Ngojea ufike nyumbani.

Wenye kutengeneza Bluetooth waliona ile hatari. Mu mwaka wa 2007, toleo 2.1 lilileta njia ingine ya kufunga ndoa, na ndiyo yenye telefone za leo zinatumia kati yao. Hapa unaona namba sita, mufano 482 917, pa telefone yako na pa ile ya mwenzako. Watu wengi wanafinya "Associer" bila kuangalia, sawa vile wanafinya kukubali kila kitu. Lakini namba zile hazijaandikwa pale kwa ajili ya urembo. Haziko siri, hazifichwe: ni swali. Telefone inakuuliza: "Je, ule mwingine anaona namba hizihizi?" Kama anaona zingine, kuko mutu wa tatu amejiingiza katikati na anajifanya kuwa kila mumoja wenu kwa mwingine. Macho yako ndiyo ulinzi wote. Ukifinya bila kuangalia, ni sawa umefungua mulango na kuuliza "nani?" nyuma ya mugeni kuketi.

Klavie za Bluetooth ziko na njia yao, na hapo watu wanapotea kabisa. Ordinatere inaonyesha namba sita na mutu anatafuta fasi ya kuziandika pa ordinatere. Hakuna. Zinaandikwa ku klavie yenyewe, ile yenye inafungwa, kisha unafinya "Entrée". Na utaandika bila kuona kitu pa kioo.

Bafle na ekutere haziombe kodi hata kidogo, juu hazina kioo wala namba za kufinya. Zinapatana zenyewe. Nyuma ya kupatana mazungumuzo yamefichwa vizuri, lakini wakati wa kupatana hakuna mwenye anahakikisha ni nani ameingia. Wakaaji wa kartie wanalijua jambo hili bila kufundishwa: bafle ya jirani inalia wimbo wa kanisa, na mara moja inaanza kulia muziki wa mutoto wa parsele ya pili.

Turudie ku skana ya fundi. Jina lake la kweli ni ELM327, na lilitoka ku kampuni ya Kanada, Elm Electronics, yenye ilitengeneza chipu ya kutafsiri lugha ya motokari. Ile chipu ilikopiwa na viwanda vingine kiasi kwamba karibu kila kiboksi cha bei ya chini chenye kinauzishwa leo ni kopi, kama kimeandikwa "v1.5", ni kopi bila shaka, juu Elm haikutosha hata siku moja toleo lenye namba ile. Kampuni yenyewe ilifunga mu mwaka wa 2022. Kwa sababu kiboksi hakina kioo wala klavie, kodi yake inaandikwa ku kiwanda na haibadilike: mara mingi 1234, wakati mwingine 0000, mara moja moja 6789. Jaribu kwa mupango huo. Kodi ya M-Pesa haitakifungua hata ukijaribu mpaka magaribi.

Hatua pia ziko na mupango wake. Fungua kontakti ya motokari kwanza. Fungisha kiboksi na telefone mu "Paramètres", fasi ya Bluetooth, kisha ingia mu programu ya kusoma motokari, Torque ao ingine, na mule ndani chagua jina la kiboksi. Wengi wanafanya kinyume: wanafungua programu kwanza, inasema hakuna kitu, na wanatupa kiboksi. Mwenye iPhone asijichokeshe na kiboksi cha Bluetooth ya zamani, hakitafanya kazi mu programu zake; anahitaji chenye kinatumia Wi-Fi ao Bluetooth ya namna mupya, ile ya kula batri kidogo. Na ku ordinatere ya Windows 11, kiboksi kinaweza kujificha kabisa: mu mipangilio ya Bluetooth kuko fasi ya kuchagua namna ya kutafuta vyombo, na unapaswa kuiweka pa "Avancé" ili vya zamani vionekane. Kisha Windows inakipatia kiboksi porti ya COM, na namba ya porti ile ndiyo programu itakuuliza.

Kisha kuko jambo lenye linakula watu feza. Motokari mingi za hapa Lubumbashi zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa Japani, usukani kuume, zikashuka mu bandari ya Dar es Salaam, zikapita Tunduma na Zambia, zikaingilia Kasumbalesa. Mingi za miaka ya zamani hazijibu skana ya bei ya chini, hata kama Bluetooth imekubali, hata kama kodi ilikuwa ya kweli, juu hazisemi lugha yenye skana inajua. Programu inaandika kwamba haiwezi kufikia ordinatere ya motokari. Fundi mwenye hajue hiyo tofauti atakuambia: "Papa, kalkilatere imekufa." Na utauza ingine. Mbele ya kutosha franka moja, omba kiboksi kilekile kijaribiwe ku motokari ingine yenye inajulikana kuwa inakubali. Kikisoma kule na si kwako, shida ni lugha, na kalkilatere yako inaweza kuwa muzima kabisa. Tafuta fundi mwenye mashini ya kampuni yako ya motokari.

Kiboksi kisilale mu motokari. Kodi yake inajulikana na kila mutu, na Bluetooth ya vyombo vidogo inafika karibu metre 10: ni kusema kutoka barabara mpaka ndani ya parsele. Mutu anaweza kujifungisha nacho na kusoma ao kufuta makosa yenye motokari iliandika. Mu mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walienda mbali zaidi. Kwa kutumia kiboksi kingine, chenye kilikuwa na kadi ya telefone, walituma SMS na wakagusa breki za Chevrolet Corvette. Kiboksi cha soko hakina kadi ya telefone. Lakini kinachomekwa fasi ileile, ku nyuzi zilezile.

Radio za motokari za Japani nazo ziko na kichekesho chake: menyu yote iko mu Kijapani. Kodi haijapotea, mara mingi iko pale pa kioo, imeandikwa kwa namba sawa zetu, mwenye motokari tu hajue kwamba ile ndiyo kodi. Ingia fasi ya telefone, angalia kama kuko namba ine ao sita. Ukishindwa, programu ya kutafsiri ya Google inaweza kusoma Kijapani kwa kamera. Shusha lugha ile mbele, ukiwa na koneksio, na itatumika hata bila mega. Kama radio inakataa telefone mupya na hakuna sababu, hesabu zenye ziko ndani: radio mingi zinakubali telefone chache tu, na fasi zote zinaweza kuwa zimekaliwa na telefone za watu wa Nagoya.

Lakini usichanganye. Ukitosha batri ya motokari, radio zingine za Japani zinajifunga, zinaomba kodi ingine ao kadi ya ramani yenye ilikuwa ndani tangu mwanzo. Ile si kodi ya Bluetooth. Ni kufuli ya kuzuia wezi, na 0000 haitaifungua. Mwenye anakuambia atafungua kwa kujaribu-jaribu ku telefone anakula wakati wako. Ndiyo maana, mbele ya fundi kutosha batri, mwulize kama anajua radio yako ni ya namna gani.

Wakati telefone inafungwa na motokari, kuko kamraba kadogo kenye kanaandika "Autoriser l'accès à vos contacts et à l'historique des appels". Kwa motokari yako, weka alama, majina yatatokea pa kioo na utaita bila kushika telefone. Kwa motokari ya kukodi, ya ndoa ao ya mukubwa wa kazi, toa alama. Radio inaweza kubakia na majina yote ya marafiki, ya madeni na ya wapenzi wako nyuma ya wewe kushuka. Ukiuzisha motokari, futa telefone yako mu radio mbele ya kutoa funguo. Wengi wanakumbuka kutosha tapi na kurasa za bima, lakini wanaacha namba za telefone za jamaa yote.

Mashini ndogo za kuchapa risiti, zile za batri zenye wauzishaji na wakusanyaji wanafunga ku mukaba, zinapita haraka: 0000 ao 1234. Ikikataa, zima mashini, shikilia kifungo cha karatasi, washa bila kuachilia. Mingi zitachapa karatasi yenye inaonyesha jina lao la Bluetooth, na mara mingi kodi pia. Na mbele ya kulaumu kodi, angalia batri. Nyuma ya siku mbili bila umeme wa SNEL, aparey yenye batri imechoka inaonekana, inaomba kodi, kisha inapotea katikati ya ndoa.

Kodi moja yafaa iogopwe kuliko zote hizi, na haina uhusiano na Bluetooth, ijapokuwa inafanya kazi ileile ya kufunga aparey mbili. WhatsApp inakubali ordinatere ao telefone ingine ifungwe na konti yako. Njia moja ni kuandika namba ya telefone ku ordinatere. Inatosha kodi ya herufi na namba nane, na mwenye konti anaiandika mu telefone yake. Ona sasa mwizi anavyofanya. Anaandika namba YAKO ku ordinatere YAKE. Kodi inatokea kwake. Kisha anakutumia ujumbe, pengine kwa konti ya rafiki yako yenye amekwisha kuiba: "Yaya, weka hii kodi upate zawadi," ao "uingie mu grupe ya kazi." Telefone yako inakuuliza kama unataka kufunga aparey mupya. Ukiandika, umemufungulia mwenyewe. Telefone yako haitazima, WhatsApp yako haitapotea, na ndiyo ubaya wake: anasoma pamoja nawe, na anawaombea feza ndugu zako kwa jina lako.

Ku Bluetooth, kodi inaonyesha kwamba mutu mumoja ameshika aparey zote mbili, ao wawili wenye wanaonana kwa macho. Ku WhatsApp ni vilevile. Kodi yenye inatoka kwa mutu mwenye humuone, ya kufunga aparey yenye hujaishika, haiko na kazi ingine isipokuwa kumuingiza yeye. Fungua WhatsApp sasa, ingia pa "Appareils connectés", angalia orodha. Kama kuko ordinatere yenye hujue, ifinye na uiondoe. Inachukua segonde chache.

Na kwa yule papa wa gereji: kodi ya M-Pesa yenye aliandika haikuenda mu skana wala mu hewa. Lakini ilifinywa mu telefone ya mutu mwingine, mara mbili, mbele ya macho ya watu. Abadilishe kodi yake leoleo, mu menyu ya M-Pesa, mbele ya kurudia nyumbani. Kisha aandike 1234, na motokari itasema chenye inaumwa.